Amplifaya Isiyojua Kunong'ona

Baba alipotoka hospitali nilimleta nyumbani kwangu Bombambili, hapa Songea, kwa sababu mama alikwisha kufariki na kaka zangu wanaishi mbali. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya upande wote wa kulia. Mguu ulikuwa unaburuzika, mkono umelala kifuani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine, na maneno yalimtoka moja moja, mara nyingi yasiyo yenyewe. Akitaka maji aliomba kiatu. Nikimletea kiatu alifumba macho kwa hasira, na sote wawili tulikaa hivyo mpaka nikabahatisha.

Pamoja na baba ilikuja amplifaya yake. Alikataa kupanda gari mpaka alipoiona imepakiwa.

Kwa miaka mingi baba alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Walipiga kwenye mabaa na kumbi za hapa Songea, wakaenda Mbinga, Njombe, Tunduru, popote walipoitwa. Amplifaya hiyo ni ya zamani, ya valvu, yaani ndani yake kuna vioo kama balbu ndogo ambavyo huwaka rangi ya chungwa na kupata moto kabla haijatoa sauti. Ni nzito, watu wawili wanaibeba kwa kupumzika njiani. Ikipashwa vizuri na kufunguliwa kwa nguvu, gitaa linapata sauti nene yenye ukwaruzo kidogo, sauti inayovutika kama mtu anayeimba huku amekaribia kulia. Watu waliowahi kumsikia baba ukumbini bado wananisimamisha sokoni kunieleza habari ya sauti hiyo.

Sisi watoto wake hatukuijua. Baba akiwa nyumbani, amplifaya ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha mama cha kufuma, na juu yake paliwekwa picha za ubatizo. Tulipokuwa tukimwomba atupigie, jibu lilikuwa lile lile.

"Hii haipigwi ndani," alikuwa akisema. "Ilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi. Haijui kunong'ona. Ukiishusha sauti, inakufa."

Mama alimalizia kwa upole, "Mwacheni baba yenu apumzike."

Basi tulimwacha apumzike. Gitaa nilifundishwa na mwalimu wa kwaya ya parokia, si na yeye. Hadi leo napigia kwaya Jumapili na harusi za Jumamosi, na siku nyingine nauza mbegu na mbolea katika duka la pembejeo. Mtu akinisifu kwamba nimerithi mkono wa baba, huwa nacheka tu.

Daktari alinionya kuhusu kelele. Alisema ubongo wa mgonjwa wa namna hii hauwezi tena kuchuja sauti, kila kishindo kinaingia kama kilivyo, na presha inapanda. Niliyaona mwenyewe. Mlango ukibamizwa na upepo, baba alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Siku jirani walipokuwa na kipaimara wakafungulia spika za kukodi, baba aliuma mto na kulia kama mtoto mchanga, nami nikaenda kuwaomba wapunguze. Walipunguza. Watu wa mtaa wetu si wabaya.

Kwa hiyo mimi mwenyewe nilifanya mazoezi ya gitaa bila kuliunganisha popote. Gitaa la umeme lisipounganishwa linatoa mlio mdogo tu, kama wa waya. Jioni moja nilikaa karibu na kitanda chake nikijikumbusha wimbo wa harusi. Nilipoinua macho niliona mkono wake wa kushoto, ule mzima, umeshika ukingo wa blanketi. Vidole vilikuwa vinabadilisha kodi, ile mishiko ya nyuzi za gitaa. Havikubahatisha. Vilikuwa vinatangulia vyangu kidogo, vikinisubiri kule nilikokuwa naelekea.

Niliacha kupiga. Baba akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kona ilipokuwa amplifaya.

"Washa," alisema. Lilikuwa neno lenyewe, halikupotea njiani.

Niliiwasha. Tulisubiri vioo vipate moto, kisha nikapiga, sauti nikiwa nimeishusha hadi karibu na mwisho. Ilitoka nyembamba, kavu, haina mwili. Baba akakunja uso.

"Imekufa."

Nilipandisha kidogo, nikapandisha tena. Ghafla ikaamka, nyuzi zikaanza kuvutika, na kwa kitambo kifupi nilielewa kwa nini watu wananisimamisha sokoni. Kisha nikamwona baba ameshika kichwa, midomo imekuwa ya kijivu. Nilizima nikamkimbilia. Alikuwa analia, lakini alipopata pumzi alinyoosha tena kidevu kwenye ile kona.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Sauti aliyoitaka ilipatikana kwa nguvu tu, na nguvu ilikuwa inamwumiza.

Sijui kwa nini niling'ang'ania. Ningeweza kuifunika kitambaa kama mama. Labda ni kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza aliloniomba maishani ambalo lilihusu muziki. Nilizungushia spika magodoro. Sauti ikawa kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya gunia. Niliisukumia ndani ya kabati la nguo. Kabati ndilo lililolia. Niliipeleka jiko la nje, nikavuta waya mrefu mpaka chumbani na kufunga milango yote, na mama wa nyumba ya pili akaja amejifunga khanga kifuani.

"Mwenzangu, mnataka kuku wangu wasitage tena?"

Aliposikia ni habari ya mgonjwa aliketi, akampa baba pole, akaondoka. Kumbe chumbani kwa baba vilivyofika vilikuwa vishindo vya besi tu.

Nilimwita fundi redio wa mtaa wa Majengo. Alichomoa valvu mbili kati ya nne kubwa ili kuipunguza nguvu, tukajaribu, tofauti ikawa ndogo mno. Alikuna kichwa.

"Dada, hivi vitu vina tabia yake," alisema. "Utamu wake unakuja vioo vikifanya kazi ngumu. Vikifanya kazi ngumu, lazima vipige kelele. Tafuta ndogo ya kisasa."

Niliazima ndogo ya kisasa ya kanisani. Baba alisikiliza kidogo tu, akageuzia uso ukutani.

"Redio," alisema, kwa dharau ambayo kiharusi hakikuigusa.

Nilimwosha, nikamlisha uji, nikamgeuza asipate vidonda. Mambo hayo niliyafanya vizuri na watu waliniona. Lakini nilipokuwa namkunja mkono kumvalisha shati, kuna siku nilimkunja kwa haraka kuliko ilivyohitajika.

Baridi ya Juni ilikuwa imekwisha kuingia nilipopokea simu kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamke. Alinisalimia kwa adabu.

"Mimi ni mtoto wa baba," alisema. "Niko Tunduru. Nimesikia anaumwa. Naomba kuja kumwona."

Habari za Tunduru tulikuwa tumezisikia tangu utoto, kwa namna watoto wanavyosikia mambo: shangazi anaanza sentensi, mama anaingia, sentensi inaishia hapo. Sikushangaa kwamba yupo. Nilishangaa tu kwamba ana sauti ya mtu wa kawaida.

"Njoo," nilimwambia.

Alifika na basi la mchana, amevaa hijabu ya bluu, amebeba mchele na korosho na mfuko wa dawa za kuchua. Ni mdogo kwangu. Ana paji la uso la baba na masikio ya baba, vitu ambavyo mimi sikupewa. Alipiga goti kunisalimia, "Shikamoo dada," nikamwinua kabla hajamaliza. Nilimwingiza chumbani.

"Asalaam aleikum, baba."

Baba akafungua macho. "Waaleikum salaam," alijibu, maneno yote mawili, wazi, bila kujikwaa. Tangu augue sikuwa nimesikia salamu kamili kutoka kinywani mwake. Mimi niliyemsalimia kila asubuhi nilikuwa napata mnung'uno. Na rozari yake, niliyomletea kutoka kijijini, ilikuwa imening'inia pale pale kwenye nguzo ya kitanda. Huyu mwenzangu wa Tunduru aliiona, akainamisha macho kwenye mkono wa baba na kuanza kuuchua.

Ni baada ya chai ndipo aliiona amplifaya, niliyokuwa nimeirudisha sebuleni.

"Bado ipo!" alisema, akaigusa. "Dada, hii ndiyo ilikuwa inatulaza."

"Inawalaza namna gani?"

"Baba alikuwa anatupigia tukishakula. Mdogo wangu alikuwa na kifafa, kelele zilikuwa zinamshtua, kwa hiyo baba alipiga polepole kabisa. Unasikia mvua kwenye bati, unasikia na gitaa."

"Hii haipigwi polepole," nilisema. Nilijisikia nikitumia sauti ya baba.

"Alikuwa ameweka koili," alijibu, bila ubishi, kama mtu anayekueleza bafu lilipo. "Ile ya jiko la umeme, waya uliosokotwa kwenye kigae. Waya wa spika ulipitia kwenye koili kwanza ndipo ukafika kwenye spika. Baba alisema nguvu inaliwa humo. Amplifaya inadhani iko ukumbini, sisi tunasikia kidogo tu. Kigae kilikuwa kinapata joto. Mama alikuwa anamtania kwamba angebandika chungu apikie maharage."

Alicheka akikumbuka. Halafu akaniona usoni, akaacha kucheka.

Nilikwenda jikoni nikachambua mboga iliyokwisha kuchambuliwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na nililia kwa sababu ya koili ya jiko. Wanawake wengine, watoto wengine, hayo nilikuwa na mahali pa kuyaweka. Lakini amplifaya ilikuwa inajua kunong'ona. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha. Aliporudi kwetu aliifunika kitambaa, akatuambia haiwezekani, na sisi tukatembea kwa ncha za vidole ili apumzike.

Mwenzangu alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia mpaka nilipomsogezea kigoda.

"Wakati wa masika baba alikuwa anatuambia barabara imekatika," nilisema. "Mabasi yamekwama, hawezi kurudi."

"Ilikuwa inakatika kweli, dada." Alichukua mchicha mikononi mwangu. "Ila si kwa muda wote ule."

"Na ninyi alikuwa anawaambia nini? Kuhusu huku."

"Alisema huku kuna kelele. Alisema anakuja kwetu kupumzika masikio."

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kimya kuliko zote mtaani. Naye alikuwa na ya kwake: baba alipoacha kwenda, baada ya bendi kuvunjika, hakuwaaga. Walisubiri masika ile, wakasubiri na iliyofuata. Yule mdogo wake mwenye kifafa alifariki baba akiwa hayupo, na waliotumwa kuleta habari Songea walirudi bila jibu. Aliyasimulia hayo akiosha mboga, akibadilisha maji mpaka yakawa safi kabisa.

Kesho yake tulienda sokoni wote wawili tukanunua koili na kigae chake. Yeye alikumbuka waya ulivyopita, fundi wa Majengo akapima kwa mita yake, akaongeza koili ya pili ili amplifaya isije ikaungua, akatuagiza tusiiache inawaka bila mtu. Alikuwa na mashaka, tena aliyasema. Tuliirudisha amplifaya chumbani kwa baba, tukaweka kigae juu ya tofali, mbali na pazia.

Nilifungua sauti hadi pale ilipokuwa inaamka. Mwili wangu wote ulijikaza kungoja kishindo, na kishindo hakikuja. Ilitoka nene, imekwaruza, imevutika, yote kamili, lakini ndogo. Ingeweza kufunikwa na mtu anayesimulia habari. Nilisikia hata kucha yangu ikigusa uzi. Mwenzangu aliketi sakafuni karibu na kitanda.

Baba hakushika kichwa. Aliinua mkono wa kushoto kidogo: pandisha. "Bado," alisema. Nilipunguza ukali wa juu, nikaongeza sauti za kati, nikapiga tena. "Bado." Alikuwa ananiongoza kwa kiganja, juu, chini, kama mtu anayeelekeza gari kurudi nyuma. Hatukuwahi kufanya kazi yoyote pamoja kabla ya hapo. Hatimaye mkono ukatulia juu ya blanketi, vidole vikaanza kushika kodi, nami nikazifuata. Kilikuwa kipande cha rumba nisichokijua. Mwenzangu alikuwa anakijua, akawa anakiimba puani.

Uso wa baba ulilegea. Sikuwahi kuuona umelegea namna ile, hata akiwa amelala.

"Mvua," alisema.

Nilitazama dirishani. Ilikuwa kiangazi, jua la jioni, vumbi kwenye majani ya migomba.

"Hakuna mvua, baba."

"Mvua," alisema tena, akitabasamu upande mmoja, na akamtazama mwenzangu kana kwamba anamhakikishia.

Yeye alinigeukia taratibu. "Anadhani yuko kwetu, dada," alisema. "Nisamehe."

Niliendelea kupiga mpaka mwisho wa kile kipande. Sijui nilifanya hivyo kwa upendo au kwa sababu mikono haikujua kufanya kingine. Nilipozima nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba," nilimwuliza, "kwa nini kwetu hukupiga hivi?"

Mdomo ulitafuta. Likaja neno "kitambaa", labda lilikuwa ndilo, labda lilikuwa limekuja badala ya jingine, kama kiatu badala ya maji. Kisha akaanza kulia kwa nguvu, mabega yakitikisika. Daktari alikuwa ametueleza kwamba wagonjwa hawa hulia bila huzuni, ubongo tu umeachia. Nilimpangusa uso. Sikujua ninapangusa majuto au ugonjwa, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Mwenzangu alirudi Tunduru mwisho wa wiki. Korosho zake zilihitaji kupuliziwa dawa. Siku kadhaa sikugusa gitaa. Baba alinyoosha kidevu kwenye kona na mimi nilijifanya sioni, nikakunja nguo. Halafu jioni moja nilichoka kujifanya. Niliwasha, nikapiga, akasema mvua, nikamwacha aseme. Jioni nyingine nilipiga nyimbo za kwaya ambazo hazikuwa za Tunduru wala za ukumbini, nyimbo zangu, naye alizisikiliza bila kutaja mvua. Mara moja aliniita kwa jina la mwenzangu. Niliitika.

Kuna siku nilimpigia mwenzangu simu nikaiweka karibu na spika. Alisikiliza mpaka salio langu likaisha.

Kiharusi cha pili kilikuja wakati watu wanatayarisha mashamba, na hakikumpa nafasi ya kufika hospitali. Kaka zangu walikuja, tukampeleka kijijini, padri akasoma misa. Mwenzangu alifika tukiwa tunatoka kaburini. Basi lake lilikuwa limeharibika Namtumbo. Shangazi zangu walimtazama hijabu yake, wakanitazama mimi. Nilimshika mkono nikarudi naye kaburini, tukasimama wawili. Alifungua viganja akaomba dua yake kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimekwisha kusema za kwangu, kwa hiyo nilimsubiri.

Nilitaka kusema kwamba hasira ilizikwa pale, lakini haikuzikwa. Ilipungua upande mmoja ikaongezeka upande mwingine, kwa kuwa sasa nilikuwa najua alichokuwa anaweza kutupa. Nilimwambia hivyo mwenzangu, tulipokaa nje tukiota moto na wanawake wa ukoo. Alisema na yeye anayo, ila ya kwake inahusu mdogo wake, na hajui aipeleke wapi.

Matanga yalipoisha alirudi nami Bombambili, pamoja na kaka zangu, kupumzika kabla ya safari. Chumba cha baba kilikuwa kimefagiliwa, godoro limetolewa juani. Alisimama karibu na amplifaya, akauliza kama ningeweza kumpigia kidogo.

Nilimwambia leo siwezi. Akasema sawa, akajifunga khanga kiunoni na kwenda kuwasha moto, kwa sababu kaka zangu walikuwa bado hawajala.